Kwani Hakuna Mtu wa Ndani Aliyeona? Stori ya Karani wa Goldenberg

Kila mara Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akitoa ripoti, mitandao hujaa swali lile lile. Mabilioni hayajulikani yalikoenda, mradi umelipwa wote lakini uwanja ni nyasi na mbuzi, na watu wanauliza: kwani hakuna mtu wa ndani aliyeona? Hakuna mhasibu? Hakuna karani? Hata dereva?

Mimi pia nilikuwa nauliza hivyo. Halafu nikaanza kusoma kuhusu Goldenberg, nikaona tunauliza swali vibaya. Mtu wa ndani karibu kila mara huwa ameona. Cha kuuliza ni nini kilimpata yule wa kwanza aliyesema, ju wenzake wote ofisini walikuwa wanatazama.

Aliitwa David Munyakei. Kama hujawahi kusikia hilo jina hauko peke yako, mimi mwenyewe sikumbuki kulisikia darasani hata siku moja.

Tuanze na wizi wenyewe, kwa sababu ukiuelewa utaona kwa nini karani mdogo ndiye aliyekuwa mahali pazuri pa kuuona. Mwanzoni mwa miaka ya 90 Kenya ilikuwa na njaa ya dola. Serikali ilikuwa na mpango wa kuwatia moyo wanaouza bidhaa nje: ukiuza nje na ukaleta pesa za kigeni nyumbani, unaongezewa asilimia 20 juu yake. Mpango wa kawaida tu. Mwaka 1990 ikaja kampuni inaitwa Goldenberg International. Mwenye sura ya mbele alikuwa Kamlesh Pattni, wakati huo kijana wa miaka ishirini na kitu, na mwenzake kwenye kampuni alikuwa James Kanyotu, mtu aliyeongoza ujasusi wa nchi hii kwa miaka mingi. Goldenberg wakapewa haki ya kuuza dhahabu na almasi nje wakiwa peke yao, na badala ya asilimia 20 wakakubaliwa asilimia 35.

Sasa jiulize, Kenya inachimba almasi wapi? Hakuna. Dhahabu ipo, ya Kakamega na Migori, lakini si ya kujaza makaratasi yale yaliyokuwa yanapelekwa Nairobi. Mali ilikuwa kwenye fomu. Kwa karatasi, tulikuwa nchi ya almasi, na serikali ililipa pesa za kweli kwa mawe ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyaona.

Hapo ndipo karani anaingia. Mzigo wa kwenda nje ulikuwa na fomu yake, ikiitwa CD3, na fomu hizo zilipitia Benki Kuu. Wizi wa bunduki huonwa na askari. Wizi wa karatasi huonwa na yule anayegonga muhuri. Munyakei alikuwa kijana wa ngazi ya chini, miaka michache tu kazini, katika kitengo kilichoshughulikia fomu hizo. Aliona kampuni moja inalipwa pesa za kutisha kwa mizigo isiyoeleweka. Akaanza kutoa nakala.

Ebu simama hapo kidogo. Ni 1993. Uko na nakala za stakabadhi za Benki Kuu ndani ya begi. Unaripoti wapi?

Hakukuwa na EACC. Hakukuwa hata na babu yake EACC. Ile mamlaka ya kwanza ya kupambana na ufisadi, KACA, ilikuja 1997, na Desemba 2000 Mahakama Kuu ikasema iko kinyume cha katiba, ikafa. Polisi? Mkurugenzi mmoja wa kampuni unayotaka kuripoti ndiye aliyekuwa bosi wa majasusi. Mkubwa wako kazini? Sahihi za wakubwa ndizo zilizokuwa zinaruhusu malipo yatoke. Kitu kimoja tu kilikuwa kipya: uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 ulikuwa umeingiza wapinzani Bungeni. Stakabadhi zikawafikia wabunge wawili wa upinzani, Paul Muite na Peter Anyang' Nyong'o, na kutoka hapo mambo yakafika Bungeni na kwenye magazeti.

Nchi ikajua. Na Munyakei akakamatwa.

Mashtaka yenyewe ndiyo yaliniacha mdomo wazi. Alishtakiwa kwa Sheria ya Siri za Serikali, ambayo ni sheria ya majasusi, ya watu wanaouzia adui ramani za kambi za jeshi. Karani aliyebeba ushahidi kwamba tunaibiwa alishughulikiwa kama mtu aliyeuza nchi. Kesi iliondolewa baadaye, lakini kazi ilikuwa imeenda. Alifutwa, na hakurudishwa tena.

Mwaka huo huo mfumuko wa bei ulipita asilimia 40. Si Goldenberg peke yake iliyosababisha, kulikuwa pia na pesa zilizomwagwa wakati wa uchaguzi na wafadhili waliokuwa wamefunga mfereji. Lakini waulize wazazi wako 1993 ilikuwaje dukani. Wengi wanakumbuka bei. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kulikuwa na mtu aliyejaribu kutuambia pesa zinapotelea wapi.

Munyakei akahama Nairobi. Akaenda Mombasa, akasilimu, akaoa, akaanza maisha upya. Nikisoma sehemu hiyo huwa nafikiria sana, ju siku hizi tuna Shirika la Ulinzi wa Mashahidi ambalo kazi yake kubwa ni kumhamisha mtu na kumpa maisha mapya mahali pengine. Yeye alijihamisha mwenyewe, kwa nauli yake, bila mtu wa serikali kumpigia simu kumuuliza amefikaje. Baadaye alirudi upande wa Narok.

Kisha mambo yakabadilika, au tukadhani yamebadilika. Kibaki aliingia mamlakani, na mwaka 2003 akaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Samuel Bosire. Munyakei akaitwa, akatoa ushahidi, na yale aliyoshtakiwa kwayo kama siri yakasemwa mchana mbele ya kamera. Mwaka 2004 Transparency International ilimpa tuzo ya uadilifu. Picha zikapigwa. Ripoti ya Bosire ikatoka Februari 2006. Julai mwaka huo huo Munyakei akafa kwa nimonia, akiwa maskini, bila kazi ya maana tangu ile aliyofutwa.

Na upande wa pili? Kesi dhidi ya Pattni zilizunguka mahakamani miaka na miaka, hadi 2013 jaji mmoja wa Mahakama Kuu, Joseph Mutava, akazizuia zisiendelee. Jaji huyo mwenyewe akaja kuondolewa kazini baada ya jopo kuchunguza mwenendo wake, na jinsi alivyoshughulikia kesi hiyo ilikuwa kati ya malalamiko. Desemba 2024 Marekani na Uingereza zikamwekea Pattni vikwazo, safari hii kuhusu biashara haramu ya dhahabu ya Zimbabwe. Dhahabu tena, miaka thelathini baadaye. Manze, hii ukiandika kwenye filamu watu watasema umezidisha.

Kuna mtu ataniambia: hiyo ni ya Moi, mambo ya zamani. Sawa. Twende kwa ile serikali iliyokuja kusafisha.

Januari 2003 Kibaki alimteua John Githongo kuwa katibu wa wizara anayesimamia utawala bora na maadili. Haikuchukua muda, sakata ya Anglo Leasing ikafumuka. Mfumo wa kutengeneza pasipoti ambao kampuni ya Ufaransa ilikuwa imesema itaufanya kwa euro milioni 6 ulipewa Anglo Leasing kwa euro milioni 30, na hao wangeirudishia kazi kampuni ile ile ya Ufaransa. Githongo alichunguza, akarekodi mazungumzo na wakubwa kwa siri, na Februari 2005 akajiuzulu akiwa London. Ushahidi wake ukachapishwa Januari 2006.

Watu humlinganisha Githongo na Munyakei kama ndugu wawili wa kipenga. Mimi naona tofauti kuliko kufanana. Githongo alikuwa na cheo, alifikia sikio la rais, alikuwa na marafiki nje na chuo huko Oxford kilichompokea. Kitabu kizima kikaandikwa juu yake. Na bado, pamoja na hayo yote, aliishi uhamishoni miaka kadhaa, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ilimwamuru amlipe waziri mmoja wa zamani shilingi milioni 27 kwa kumharibia jina. Kama mtu wa ukubwa huo ameyumba hivyo, karani atashikilia wapi?

Halafu kuna jambo dogo kuhusu Anglo Leasing ambalo watu hulipita haraka. Kabla Githongo hajawa jina la kila gazeti, habari za tenda ile zilivujishwa kwa wanahabari na mfanyakazi wa ngazi ya chini serikalini. Jina lake halitajwi. Hakuna kitabu, hakuna tuzo. Natumaini ni kwa sababu alifanikiwa kujificha, si kwa sababu tulimsahau tu.

Kwa hivyo sakata mbili kubwa, serikali mbili tofauti, na zote mbili mlango ulifunguliwa na mtu wa chini. Ndio maana nasema mfumo wa kulinda wafichuzi ukichorwa kwa ajili ya katibu wa wizara, umechorewa mtu asiye wake.

Tuone sasa tuko na nini. Si kwamba hatuna kitu. Sheria ya ufisadi ya 2003 ina kifungu kinachosema mtu aliyesaidia uchunguzi asichukuliwe hatua na jina lake lisianikwe kortini. Sheria ya Ulinzi wa Mashahidi ilipitishwa 2006, mwaka ule ule Munyakei alikufa, unaweza kucheka ama kulia. Sheria ya Hongo ya 2016 inaenda mbali zaidi: afisa wa umma mwenye mamlaka akijua ama kushuku kuna hongo, anatakiwa aripoti ndani ya saa 24, na anayemtisha au kumsumbua mfichuzi anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni moja au kufungwa hadi mwaka mmoja. Sheria ya Kupata Habari, ya 2016 pia, inasema usiadhibiwe kazini kwa kutoa habari ambazo ni za manufaa kwa umma.

EACC nao wana njia za kuripoti. Kuna namba ya simu ya bure, 1551. Kuna madawati yao kwenye Huduma Centre, ingawa sijui ni nani anaenda kumchoma bosi wake akiwa kwenye foleni na majirani wanaochukua kitambulisho. Iliyo bora ni ile ya mtandaoni: unafungua sanduku lako la ujumbe kwa jina la kubuni na nywila, unaandika unachojua, halafu unarudi baadaye kuona kama mpelelezi amekuuliza swali. Mnaongea bila yeye kujua wewe ni nani. Hicho ni kitu ambacho Munyakei angekipenda, enyewe.

Lakini ebu fikiria ofisi ya kweli. Faili la tenda limepitia kwa watu watatu. Taarifa inayofika EACC ina kitu ambacho kiko ukurasa wa nne wa faili hilo. Wapelelezi wanakuja kuchukua faili. Bosi hahitaji kujua jina lililoandikwa kwenye sanduku. Anahesabu vidole vitatu, anaondoa viwili. Kuficha jina kunasaidia, ila mara nyingi yaliyosemwa yenyewe ndiyo yanamtaja aliyesema.

Na bosi akishahesabu vidole, hakutishi kwa bunduki. Wengi wetu tunawaza hatari ya mfichuzi kama gari jeusi usiku, na kweli hiyo ipo. Ila adhabu ya kawaida huja na barua. Unahamishwa kituo cha mbali katikati ya muhula wa watoto. Mkataba wako haurudishwi. Unaandikiwa barua ya kujieleza kwa kuchelewa dakika kumi, wewe ambaye umechelewa miaka minne bila mtu kusema. Ofisi ya wafanyakazi inasema hii haihusiani kabisa na ile mambo. Sasa nenda uthibitishe kwamba inahusiana. Uko na wakili? Uko na mshahara wa kumlipa?

Hapo ndipo sheria zetu zinavuja. Ulinzi wa mashahidi umejengewa mtu anayeelekea kortini, na wengi wa wafichuzi hawafiki kortini kamwe. Wanafutwa wakati faili lingali kwenye uchunguzi. Sheria ya Hongo inahusu hongo, na mali nyingi ya umma hupotea bila hongo inayoonekana. Goldenberg yenyewe ilikuwa fidia, yenye fomu na mihuri. Ile ya Kupata Habari inasema usiadhibiwe kazini, vizuri sana, lakini nani atakulipia kodi ya nyumba mwezi huu unaposubiri mtu akubali kwamba uliadhibiwa? Na ile Sheria ya Siri za Serikali bado iko kwenye vitabu.

Kwa maoni yangu, kitu cha kwanza kinachokosekana ni mshahara. Ndio, mshahara. Mtu akiripoti kwa EACC kwa nia njema, kuanzia siku hiyo kazi yake iwe kama imewekwa kufuli. Mwajiri akitaka kumhamisha au kumfuta, mwajiri ndiye athibitishe kwamba haihusiani, si mfanyakazi. Kesi ikichukua miaka, mtu huyo awe bado analipwa. Munyakei hakuhitaji jina jipya, alihitaji dawati lake. Angekaa pale Benki Kuu kwenye kiti chake, kila karani aliyempita kwenye ngazi angejifunza somo tofauti kabisa.

Kitu cha pili ni tume zenyewe. Tangu 1997 tumekuwa na KACA, kikosi cha polisi cha kupambana na ufisadi, KACC, na tangu 2011 EACC. Kila mara jengo linabadilisha ubao wa mlangoni. Je, majina ya watu walioripoti kwa ofisi ya kwanza yanashikwa na nani wa ofisi ya tatu? Ndani ya tume kunatakiwa kuwa na orodha ya kila mtu aliyefungua faili la mfichuzi, saa ngapi na kwa nini, na mtu wa nje wa kuikagua. Jina likivuja, ijulikane lilivuja kupitia mlango gani. Na mtu aliyeripoti aambiwe kinachoendelea, hata kama ni kuambiwa hatukupata ushahidi wa kutosha. Ukimya huo wa miezi ndio unafanya watu waende mtandaoni kuanika stakabadhi wenyewe, na hapo sasa hakuna sheria itakayowashika mkono.

Muswada wa kulinda wafichuzi umeandikwa, ukaandikwa tena. Kulikuwa na wa 2023, kulikuwa na wa 2024, na kufikia mwisho wa 2024 hatukuwa na sheria. Uganda walipitisha yao 2010, na inampa mfichuzi asilimia 5 ya pesa zinazorudishwa. Tanzania walipitisha 2015. Tusidanganyane, ufisadi haujaisha Kampala wala Dar. Lakini angalau karani wa kule anaweza kutaja sheria yenye jina lake.

Kuna kitu kingine ambacho Bunge haliwezi kupitisha. Angalia maneno tuliyo nayo mtaani kwa mtu anayeripoti: snichi, msaliti, mwenye kiherehere, kuchomea wenzake. Neno zuri ni mfichuzi, na hilo ni la taarifa ya habari ya saa moja. Sijawahi kumsikia mtu akilitumia kwenye matatu. Tangu shule ya msingi tumefundishwa kwamba anayeandika majina ya wapiga kelele atachapwa saa ya kwenda nyumbani. Halafu tunamaliza shule, tunaajiriwa, na tunashangaa kwa nini kila mtu ofisini ameangalia chini.

Sababu ya kuandika haya yote: mtu ninayemjua, wa rika langu, alinitumia ujumbe usiku mmoja. Yuko kwa mkataba wa mwaka mmoja katika ofisi fulani ya umma. Anaona risiti za mafuta za magari ambayo hayajatoka kwa yadi tangu aingie. Ni pesa kidogo ukilinganisha na Goldenberg, lakini ni kila wiki. Aliniuliza, "Buda, nikisema nitapewa mkataba mwingine kweli?"

Nilimwambia ukweli ninaoujua. Kwamba asitumie simu wala intaneti ya ofisi. Kwamba aandike tarehe na namba za magari kwenye daftari lake nyumbani, na asitoe faili lolote nje. Kwamba lile sanduku la mtandaoni lipo na jinsi linavyofanya kazi. Kwamba sheria inasema asiguswe. Kuhusu mkataba, nilianza kuandika jibu mara tatu nikafuta, mwishowe nikamtumia stori ya Munyakei, yote, pamoja na sehemu ya Narok. Amesoma. Mkataba wake unaisha mwezi wa sita.